Kabla Hawajakuita Kwenye Gunia

Limi mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na anayeandikiwa hujibu kwamba ni mzima hata kama si mzima. Mimi na wewe tumetenganishwa na ukuta mmoja wa tofali. Nakusikia unavyombembeleza Samweli, nasikia na kitanda kinavyolia kila ukigeuka. Lakini hali yako ndiyo hasa ninayotaka kuiuliza, ng'wanone, mwanangu, kwa sababu leo nilipokuuliza kwa mdomo ulinijibu kama mtu anayefunga mlango.

Kesho mumeo Masanja anakuja kukuchukua, mrudi kwenu Mwandoya. Ulikuja kuzalia kwa mama yako kama desturi ilivyo, umezaa salama, namshukuru Mungu. Ya kumwogesha mtoto, ya chanjo, ya chandarua, unayajua, na mengine umenifundisha wewe kutoka kwenye simu yako. Hayo nayapita. Nataka kuandika habari ya ile ndoo.

Ulitoka bombani na ndoo kichwani imejaa mpaka inamwagika, na Samweli mgongoni. Mimi nilikuwa nimekaa na jirani yetu Mama Kulwa tunachambua choroko. Mama Kulwa akasema, "Tazama, ng'ombe za mahari ya Masanja hazikupotea. Huyu hajamaliza hata arobaini vizuri na tayari ni trekta." Ukacheka. Ulipoitua ile ndoo nikaona mkono wako umeshuka chini ya kitovu ukakaa pale, kama mtu anayeshikilia kitu kisidondoke. Halafu ukapiga chafya, na kabla ya kupiga ukakutanisha magoti. Mama Kulwa aliendelea na choroko zake. Mimi niliona, kwa kuwa mkono ule ninaujua. Ulikuwa mkono wangu.

Nikakufuata jikoni.

"Limi, unaumwa?"

"Niko fiti, mayu."

"Ndoo nzima, na mtoto mgongoni, na wewe hata miezi miwili hujafikisha?"

"Kule pamba imeshaanza kuchumwa. Nikifika nimelegea watasema nilikuja huku kulala na kunywa uji."

Nikaanza kukuonyesha ndoo inavyoinuliwa na mtoto anavyonyanyuliwa kutoka chini. Ndipo ukaniangalia. Hukupandisha hata sauti. Ukasema, "Mama, wewe ndiye wa kunifundisha kubeba mtoto? Ulinibeba lini?"

Nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya banda la mbuzi. Jibu ninalo, Limi, lakini ni refu na si zuri, na nikianza kulisema kwa mdomo nitalia na wewe utaanza kunibembeleza, tutaishia hapo. Kwa hiyo naandika. Elimu yangu ni ya darasa la saba, mwandiko utauvumilia.

Ni kweli. Sikukubeba. Kaka zako wawili niliwabeba mpaka wakawa wanaburuta miguu chini, ila wewe sikukubeba. Najua unaikumbuka ile Jumapili ya Matawi, maana siku moja ukiwa msichana mkubwa ulimsimulia mwenzako na mimi nasikia. Watu walikuwa wamejaa barabarani wanaimba na wewe ulikuwa mdogo, unaona migongo tu. Ukaninyooshea mikono nikuinue nawe uone matawi. Nikageuza uso. Ukanivuta kanga, nikakwambia, "Simama mwenyewe, wewe si mtoto." Bibi yako, mama yake baba yako, ndiye aliyekunyanyua. Nilikuona uko juu ya bega lake unanitazama mimi, huyatazami matawi. Mtazamo ule nimekaa nao mpaka leo.

Sasa sikia kwa nini.

Ulizaliwa kiangazi, wakati jua limekaza, ndiyo maana ukaitwa jina lake, Limi. Pamba ilikuwa imepasuka shamba zima, nyeupe mpaka macho yanauma. Kwa bahati mbaya yangu mimi nilikuwa na sifa. Kila mji wa kule kwa baba yako ulikuwa na mtu wake wa kushindilia, na kwetu nilikuwa mimi. Wewe umekua wakati mwingine, lakini umewahi kuona: gunia kubwa linafungwa mdomo kwenye miti, linaning'inia, pamba inamwagwa ndani kidogo kidogo, na mtu anaingia anaikanyaga kwa miguu ili ilale, iingie nyingi. Anaruka, anakanyaga, wengine wanamwimbia na kumwagia pamba, naye anapanda nayo mpaka anatokeza kichwa, kisha kifua. Gunia nililoshindilia mimi lilikuwa gumu kama jiwe. Wanaume walikuwa wanaligonga kwa ngumi na kusema, "Hili ni la Minza." Nami nilipenda kusikia. Usidhani nililazimishwa. Hilo ndilo linaloniuma.

Siku moja, ulipokuwa bado unalala kutwa nzima, hata kichwa hujakikaza, walikuwa wanashindilia uani. Aliyekuwa ndani ya gunia alikuwa baba yako mdogo, Shija, mdogo wake baba yako. Miguu yake ilikuwa mirefu na kazi yenyewe alikuwa anaifanya kama anacheza. Watu wakaanza kumtania. "Shija, unaikanyaga au unaitekenya?" Mwanamke mmoja akaniona mlangoni nimekushika, akasema kwa sauti, "Mwenye gunia huyu hapa anapunga upepo. Au ng'ombe za watu zimeliwa bure mwaka huu?" Wakacheka wote. Ulikuwa utani, Limi. Mtu asiye wa kwetu angedhani ananitukana, lakini hata yeye mwenyewe alikuwa anacheka na kunipigia makofi.

Nikakuweka mikononi mwa bibi yako, nikakaza kanga, nikamwambia Shija, "Toka huko, mtoto mdogo wewe." Nikaingia.

Kuruka kwa kwanza sikuhisi kitu. Waliimba, nikazidisha. Pamba ilipofika magotini nikahisi uzito, kama vile tumbo limeshuka likakaa mahali pasipo pake. Nikasema ni uchovu. Nikaruka tena. Hapo kitu kikateremka. Sijui nikuandikie vipi, lakini wewe umeshazaa, hutashindwa kuelewa: nilihisi kitu cha mwili wangu mwenyewe kinataka kutoka mahali alipotoka mtoto. Na mkojo ukaja wenyewe, nikawa siuwezi. Nilikuwa nimesimama ndani ya gunia, pamba imenifunika, watu wote wananiona kichwa na mabega tu, wanaimba. Hakuna aliyejua.

Nikasema, "Nitoeni." Wakadhani natania. Shija akajibu, "Si umenitoa mimi? Maliza." Na mimi, mwanangu, nikamaliza. Siku ile ningeweza kupiga kelele, bibi yako angekuja, ningelazwa chini na pengine leo nisingekuwa na barua ya kuandika. Niliogopa kicheko cha watu kuliko nilivyouogopa mwili wangu. Nikashindilia mpaka juu, wakalishona.

Kesho yake baba yako alipeleka magunia kwenye kituo cha kununulia pamba kwa mkokoteni wa ng'ombe. Karani wa mizani alikuwa mkali, maana watu wengine walikuwa wanaweka maji au mchanga katikati ya gunia ili lizidi uzito. Alipofika kwenye lile gunia akaingiza mkono chini, ukatoka na unyevu. Akalipasua mbele ya watu wote. Pamba ya katikati ilikuwa imelowa na imebadilika rangi. Baba yako akaapa kwa jina la Mungu kwamba hakuweka maji. Karani akamwambia, "Basi pamba yako imejikojolea," na kituo kizima kikaangua kicheko. Hakujua amesema nini.

Ndipo baba yako Masunga akapewa jina lile, Masunga Maji. Wewe ulipigana shuleni kwa ajili ya jina hilo, ukarudi na shati limechanika, ukaniuliza kama kweli baba ni mwizi. Nilikujibu nini? Nilikwambia kaoge.

Siku ile aliporudi aliniuliza kwa upole, "Minza, nani aliingiza maji kwenye gunia?" Nikasema sijui. Akaniangalia, akatoka, akaenda kumkabili Shija. Kwa kuwa aliyekuwa ndani kabla yangu ni Shija, na Shija ni mtu wa mizaha. Walishikana pale uani. Shija akafunga nguo zake akaenda Lamadi kufanya kazi ya samaki, na hakuwahi tena kula kwetu. Siku tulipomzika baba yako alikuja, akasimama mbali, akatupa udongo wake, akaondoka. Ulidhani ana kiburi. Yule mtu alinyang'anywa kaka yake na mdomo wangu uliofungwa.

Miaka ile nilimwambia mtu mmoja tu, na ni baada ya muda. Nilimwambia bibi yako. Nilikuwa siwezi kusimama muda mrefu, siwezi kuinua kitu, ukiwa mikononi mwangu nikisimama nahisi chini kunafunguka. Tulikuwa tunaosha vyombo. Nikamwambia, "Mayu, tangu ile siku ya gunia, kuna kitu kinashuka." Hakuacha kuosha. Akasema, "Kinarudi ukikisukuma?" Nikasema kinarudi. Akasema, "Basi nyamaza. Hata mimi. Hata mama yangu. Ndiyo kuzaa kwenyewe huko." Akanifundisha kukunja kitambaa na kujifunga. Tangu siku ile akawa anakubeba yeye, na hakunisema hata mara moja kwa watu. Wewe ulimwona ndiye mwenye mapenzi, na alikuwa nayo. Lakini pia alikuwa ananifichia.

Ilikuwa hivyo miaka yote ya utoto wako. Nilikunyonyesha nimekaa, mtu akiniletea. Ukianguka nilikuwa nasema inuka. Ulipougua degedege na ikabidi ukimbizwe zahanati, aliyekimbia nawe ni kaka yako, mimi nilibaki nyuma natembea kama mzee, nimeshika ukuta wa nyumba za watu, sijui kama nitakukuta hai. Baba yako nilimkwepa kitandani, na sababu sikumpa. Kanisani nilikuwa napiga magoti na nikitaka kusimama nasubiri watu wote wasimame kwanza, nishike benchi. Watu wakasema Mama Limi anasali sana.

Na kweli nilisali. Hapo napo nilikosea. Niliuita ugonjwa ule msalaba wangu. Nilimwambia Bwana kila siku, nautoa huu kwa ajili ya watoto wangu. Nilijiona mtakatifu kidogo. Leo nikikumbuka naona Mungu hakuniomba sadaka ile. Niliichagua mwenyewe kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kusema, kisha nikaipeleka altareni ili ionekane ya heshima. Nakwambia hili kwa kuwa na wewe ni mtu wa sala, na najua uvumilivu unavyoweza kuvaa nguo za kanisani.

Ulipokuwa bweni ndipo nilipozidiwa. Kikawa hakirudi tena, kikapata vidonda, nikapata homa. Wakanipeleka hospitali mjini Bariadi nikafanyiwa upasuaji. Wewe ulipokuja likizo nilikwambia ni uvimbe. Haukuwa uvimbe. Kilikuwa kizazi.

Baada ya kushonwa wakanipeleka kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Tulikuwa wanawake kadhaa, wote wakulima, na mtaalamu mwenyewe ni dada mwembamba mwenye viatu vya raba. Aliposema tutafanya mazoezi, mama mmoja wa Lingeka akasema, "Binti, mazoezi ni ya wenye magari. Mimi nimelima tangu sijaota meno." Tukacheka mpaka nyuzi zikavuta. Yule dada naye akacheka, kisha akasema, "Mama, jembe linautumia mwili. Haliutengenezi."

Akaleta ndoo. Akamwambia yule mama wa Lingeka ainue. Akainua kama tunavyoinua sote, miguu imenyooka, mgongo umepinda, pumzi imezuiwa, mashavu yamevimba.

"Mbona umeshika pumzi?"

"Wewe umeona nani anainua ndoo huku anahema?"

"Ukizuia pumzi, nguvu yote inasukuma chini. Ni kama unazaa tena, kila ndoo."

Hakuna aliyecheka tena. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa anahesabu ndoo zake.

Akatufundisha vitu ambavyo ukiviona utasema ndiyo hivi tu. Kwamba mtoto akiwa chini usimwinamie ukamvuta. Unashuka mwenyewe mpaka alipo, goti moja chini, unamleta kifuani kabisa, unabana kule chini kama unayezuia mkojo, unatoa pumzi, na pumzi ikiwa inatoka ndipo unasimama kwa nguvu ya mapaja. Kwamba ukitaka kukohoa au kupiga chafya, unabana kwanza. Kwamba asubuhi usikurupuke kitandani kwa tumbo, geuka ubavu, jisukume kwa mkono. Kwamba kule kubana na kuachia ufanye ukiwa unanyonyesha, polepole, kila siku, hata hakuna atakayejua kama unafanya kazi. Na kuachia nako ni kazi, alisema, maana sisi tunajua kukaza tu. Mtoto mgongoni afungwe juu na asilegee, na mtoto akiwa mgongoni ndoo isiwe kichwani. Nusu ndoo, safari mbili. Nikiandika hapa nusu ndoo safari mbili, na kuwaza kwamba hilo tu lingeniachia mtoto wangu mikononi, nashindwa kuendelea vizuri.

Nilimuuliza yule dada, mwenye kufanya haya anapona? Akaniambia ukweli. Wanaoanza mapema, pale wanapohisi uzito tu au mkojo kidogo, wengi wanapata nafuu kubwa bila kisu. Aliyechelewa kama mimi anapunguza tu. Ndivyo ilivyo. Mpaka sasa jua likizama nahisi uzito. Daktari alinikataza kuinua vitu. Samweli alipozaliwa uliona nimekaa kwenye kiti nikangoja aletwe, na uliona Mama Kulwa ndiye aliyemzungusha nje kumwonyesha watu. Ukadhani ni yale yale. Ni kweli ni yale yale, lakini si yale uliyodhani.

Wala usichukue maneno haya ukasema basi ni kuzaliwa kwangu kulikomuumiza mama. Hapana. Ungekuwa umelala mikononi mwangu mlangoni kama nilivyokuwa nimekushika, tusingeumizana. Niliumia nilipokutoa mikononi kwenda kutafuta sifa.

Baba yako nilimwambia alipokuwa ameshalala kile kitanda cha mwisho. Nilimwambia yote, gunia, mkojo, Shija. Nilitegemea anilaani. Alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Kumbe ni hilo. Mimi nilijua umenichoka." Akaniomba nimgeuze ubavu. Nikashindwa kumgeuza peke yangu, nikamwita kaka yako. Hakusema tena habari hiyo, na baada ya siku chache akaondoka. Miaka yote ile tulilala kitanda kimoja, kila mtu na jambo lake lisilo kweli. Shija bado sijamwambia. Nimepanga kwenda Lamadi, na kila nikipanga napata sababu.

Sasa nije kwako.

Kule unakorudi wanakupenda, siisemi vibaya familia ile. Mama yake Masanja ni mtu wa ibada, na aliposikia umejifungua alituma kuku na mchele. Lakini pamba ni pamba. Watu watakuwa uani, magunia yatakuwa yananing'inia, na mtu atatania. Ndivyo itakavyokuja, Limi, haitakuja kama amri. Amri ungeikataa, nakujua. Itakuja kama sifa. Watasema wewe ni mtoto wa Minza, na Minza alikuwa hatari kwenye gunia. Bado kuna wazee wanaonikumbuka kwa hilo.

Leo baada ya kukaa nyuma ya banda la mbuzi nimefanya jambo ambalo mama yangu angenikana. Nimempigia simu Masanja. Unajua mkwe wa kiume na mama mkwe hatuzungumzi mambo ya mwili, hata kukaa benchi moja tunapishana. Nilipomwambia, "Masanja, nataka kukueleza habari ya Limi, ya ndani," akasema, "Mama, labda nimpe simu dada yangu." Nikamwambia hapana, sikia wewe. Nikamweleza. Akasema, "Mama, mimi nasikia aibu." Nikamwambia hata mimi, baba, tuone aibu wote wawili lakini usikate. Mwishoni akasema, "Pamba tayari imeshachumwa nusu, na mama ameshawaambia watu kwamba Limi anakuja. Nitajaribu kuongea naye." Akashukuru, wabeja mama, kwa haraka, kama mtu anayetaka kukimbia. Ni kijana mzuri. Lakini kujaribu si kusimama. Siegemei kujaribu kwake, nawe usiegemee. Usinikasirikie pia kwa kumwambia. Ningeomba ruhusa ungeninyima.

Kwa hiyo wakikuita, kataa. Usieleze sana, maelezo yanawapa watu mahali pa kushika. Sema mama amekataza. Wakisema mama yako mwenyewe alikuwa anashindilia, sema ndiyo maana amekataza. Wakicheka waache wacheke, kicheko kinaisha jioni. Na wakisema mtoto wa Minza ni mvivu, lawama hiyo iache inipate mimi, mimi sina tena ng'ombe wa kutetea.

Lakini hayo ni ya kule, na ninachokiogopa zaidi kiko chumba cha pili. Ule mkono wako chini ya kitovu sijui unamaanisha nini. Huenda ni uchovu wa kawaida wa mzazi, na mimi nina kidonda changu naona vidonda vya watu. Naomba iwe hivyo. Lakini kama umehisi uzito, kama umehisi kitu kimeteremka hata kidogo, kama kuna nguo unazifua peke yako kabla sijaamka, basi usipande gari kesho. Tutaenda wote hospitali, mimi ndiye nitakayesema kwa daktari, wewe utakaa tu. Masanja akifika nitamweleza mimi, na mama yake nitampigia mimi. Pamba ya watu itavunwa.

Barua hii naipitisha chini ya mlango wako. Najua kusema ni kugumu, sisi wote watatu wa hadithi hii, bibi yako, baba yako na mimi, tulishindwa. Kwa hiyo huna haja ya kusema neno. Asubuhi mimi nitakuwa jikoni naandaa uji wa safari. Kama u mzima kweli, njoo umevaa nguo za safari, nitafurahi na kukuombea njia. Kama si mzima, njoo na kanga ya nyumbani, kaa kwenye kile kigoda changu, na mimi nitazima moto nitafute daftari la kliniki.

Mama yako anayekupenda tangu ukiwa hujaweza kukaza shingo,

Minza